Saint-Malo, Bandari Iliyofika Hadi Kwetu

Hotuba kwa waongoza watalii na walimu wa historia, Kilwa Masoko

Assalaam alaikum. Wazee wetu wa Kisiwani na wa Masoko, shikamooni. Walimu, akina mama, na ninyi vijana mnaowavusha wageni kwa boti na kuwatembeza kwenye magofu jua likiwaka, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie safari yangu ya Saint-Malo, bandari ya kale ya Wafaransa iliyoko Bretagne, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, pale mto Rance unapomwaga maji yake baharini. Ni mji nilioupenda tangu nilipoingia langoni. Ni mji pia ambao sisi wa pwani hii tuna hesabu nao ya zamani, na hesabu hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kusimama mbele yenu leo. Nitauzungumzia kwa yote mawili.

Nianze na maji, maana hapa hakuna wa kufundishwa bahari. Bamvua letu hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita nne, na sote tunajua mita nne hizo zinavyopanga maisha: boti itoke saa ngapi, akina mama wakachokoe pweza saa ngapi, mashua ilazwe wapi. Saint-Malo bamvua kubwa linavuka mita 12. Hicho ni kimo cha nyumba ya ghorofa nne, na maji hukipanda na kukishuka mara mbili kwa siku. Sababu yake ni umbo la nchi. Maji ya kujaa hutoka Atlantiki, yakaingia kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza, na humo yanakuta rasi ya Cotentin imekaa kwa kukingama. Hayawezi kupita yote kwa pamoja, basi yanarundikana ghubani, na Saint-Malo iko kwenye kona ya ghuba hiyo.

Kwenye maduka ya magazeti huuzwa vijitabu vidogo vya saa za maji. Humo kila siku imepewa namba kati ya 20 na 120. Namba ndogo ni maji mafu; ikipita 100 ni bamvua la kutazamwa. Kuanzia mwezi Machi, na tena kuelekea Septemba na Oktoba, watu husafiri kutoka mbali waje tu kuona bahari inavyoupiga ukuta wa ufuo wa Sillon mpaka povu linaruka barabarani. Kwenye ufuo huo wamesimamisha magogo ya mwaloni, maelfu, safu kwa safu mchangani. Desturi hiyo ilianza karne ya 19, na kazi ya magogo ni kuvunja nguvu ya wimbi kabla halijafika kwenye nyumba. Niliyashika kwa mkono. Chini yameota kome na mwani, juu yamekauka na kupasuka kwa chumvi, na mengine yameliwa na maji hadi yamekuwa membamba katikati. Yakichoka hung'olewa yakawekwa mapya. Wale waliopanda mikoko na kupanga mawe mbele ya ngome ya Gereza pale Kisiwani, ili bahari isiendelee kuubomoa ukuta, wangeyatazama magogo yale kama nilivyoyatazama mimi, kwa heshima ya mtu anayeijua kazi hiyo.

Sasa uingie mjini. Mji wa kale wote uko ndani ya ukuta, nao wanauita kwa maneno ya Kilatini, Intra-Muros. Ulikuwa mwamba uliozungukwa na maji, umeunganishwa na bara kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Ukuta unaweza kuuzunguka kwa miguu juu yake, mzunguko mzima ni chini kidogo ya kilomita mbili, na hakuna kiingilio. Upande mmoja unaona mapaa na madirisha ya watu, upande wa pili ni bahari. Ukipita pale mara moja tu, umeona nusu. Rudi baada ya saa sita. Ulipoona mashua sasa kuna mchanga na miamba, watoto wanakimbia, wazee wanatembeza mbwa. Visiwa viwili, Grand Bé na Petit Bé, vimeacha kuwa visiwa, unavifuata kwa miguu juu ya njia ya mawe yenye utelezi. Hata Fort National, ngome iliyojengwa juu ya mwamba mwaka 1689 kufuata ramani za Vauban, mhandisi mkuu wa ngome wa Mfalme Louis wa 14, unaifikia kwa miguu mikavu. Na chini ya ukuta, ufuo wa Bon-Secours, kuna bwawa la kuogelea lililozungushiwa kuta za zege tangu miaka ya 1930. Maji yakijaa linafunikwa lote, linabaki jukwaa la kurukia tu limejitokeza baharini. Yakipwa, bwawa linabaki limejaa, na watu wanaogelea humo huku bahari yenyewe imekwenda mbali.

Kuna onyo moja, nalo nalisema kwa msisitizo kwa yeyote atakayekwenda. Maji yakianza kurudi, usifanye ushujaa kwenye ile njia ya mawe. Yanakuja haraka na yanakuja na mkondo. Ikifunikwa ungali kisiwani, kaa hukohuko mpaka yapwe tena. Vibao vinasema hivyo, na wenyeji wanasema hivyo.

Maji haya ndiyo yaliyoulinda mji. Meli ya adui isiyo na rubani wa kienyeji ilipasuka kwenye miamba kabla haijaufikia ukuta. Mwaka 1693 Waingereza na Waholanzi walileta meli iliyojazwa baruti tupu ili waiegeshe ukutani na kuilipua. Ikakwama mwambani, ikalipuka kabla ya kufika. Vioo vilivunjika mji mzima, na wenyeji husimulia kwamba aliyekufa mjini ni paka mmoja; mtaa wa Paka Anayecheza uko mpaka leo, na kibao chake ukutani. Watu wa mji huu waliishi kwa kujitegemea kiasi kwamba kati ya 1590 na 1594, Ufaransa ikiwa katika vita vya dini, walijitangazia jamhuri yao wenyewe. Mpaka leo husema wao kwanza ni watu wa Saint-Malo, mengine baadaye.

Kulikuwa na mbwa pia. Kwa kuwa maji yakipwa meli zililala mchangani na mwizi angeweza kuzifikia kwa miguu, mji ulifuga majibwa makubwa ya ulinzi. Usiku saa nne kengele ililia, malango yakafungwa, mbwa wakafunguliwa ufuoni mpaka alfajiri. Desturi hiyo ilidumu karne nyingi na ikaishia 1770, baada ya mbwa kumrarua ofisa kijana aliyechelewa kurudi. Kengele ya saa nne imeendelea kulia.

Utajiri wa mji ulitoka wapi? Kwanza samaki. Meli za Saint-Malo zilivuka kila mwaka kwenda Newfoundland kuvua na kukausha samaki kwa chumvi, kazi ngumu iliyomaliza vijana wengi. Jacques Cartier, aliyeondoka bandari hiyo tarehe 20 Aprili 1534 na meli mbili na kufika Canada, alikuwa mtoto wa mji, na kaburi lake limo katika kanisa kuu. Kisha vitani. Mfalme aliwapa wenye meli hati ya kuteka meli za maadui, na ngawira ikagawanywa kwa hesabu: sehemu ya mfalme, sehemu ya mwenye meli, sehemu ya nahodha na mabaharia. Duguay-Trouin, mzaliwa wa pale, aliuteka mji wa Rio de Janeiro mwaka 1711 kwa njia hiyo. Haya yote utayasikia kwa kila mwongozaji na kila kipeperushi, na ni kweli.

Ninalotaka mlisikilize kwa makini ni safari za upande mwingine, zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia katika bahari yetu.

Kuanzia 1708 wafanyabiashara wa Saint-Malo walipeleka meli zao mpaka Mokha, Yemen, kutafuta kahawa. Mwaka 1715 nahodha wa mji huo, Guillaume Dufresne d'Arsel, akitokea Mokha, alishuka kwenye kisiwa ambacho Waholanzi walikuwa wamekiacha, akakitwaa kwa jina la mfalme wa Ufaransa na kukiita Isle de France. Ndicho Morisi ya leo. Mwaka huohuo miche ya mbuni kutoka Yemen ikafikishwa kisiwa jirani cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Hebu fuateni mnyororo huo. Penye mashamba ya kahawa, na baadaye ya miwa, panatakiwa mikono, na wenye mashamba hawakukusudia kuilipa.

Mwaka 1735 akaja gavana wa visiwa hivyo viwili, Mahé de La Bourdonnais, aliyezaliwa Saint-Malo 1699. Kisiwa kikuu cha Shelisheli kinaitwa Mahé kwa ajili yake. Ndiye aliyeifanya Port Louis kuwa bandari hasa, yenye gati, karakana ya meli, hospitali, mfereji wa maji. Vitabu humsifu kama mjenzi, na kweli alikuwa na akili ya ujenzi. Lakini mawe yale yalibebwa na watumwa, wengi wao wakitoka Madagaska na Msumbiji. Katika miaka ya 1750 gavana mwingine wa Isle de France alikuwa René Magon, naye wa Saint-Malo, wa ukoo uliotoa wenye meli na wakurugenzi wa Kampuni ya Ufaransa ya India. Mwishoni mwa karne ile, kisiwani humo, katika kila watu kumi zaidi ya wanane walikuwa watumwa.

Hapo ndipo Kilwa inapoingia. Tarehe 14 Septemba 1776, hapo ng'ambo tu, Kisiwani, Mfaransa aitwaye Morice, mfanyabiashara wa kusafirisha watumwa kwenda Isle de France, aliandikiana mkataba na Sultani Hasan bin Ibrahim. Sultani atampa watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20, sarafu za fedha za wakati huo, kila mmoja, na juu ya kila kichwa Sultani atapata piasta mbili za zawadi. Mkataba ulitajwa kuwa wa miaka mia. Mfalme wetu alitia mkono wake, na tusifiche hilo. Waliotolewa kuuzwa walishushwa kutoka bara, kutoka nchi za Wayao, Wamakua na wengineo, wakapita kwenye fukwe hizi tunazozikanyaga. Bandari waliyoshushwa ilikuwa imejengwa na mtu wa Saint-Malo, katika kisiwa kilichotwaliwa na mtu wa Saint-Malo.

Na mji wenyewe ulituma meli za watumwa. Katika karne ya 18 zaidi ya safari 200 za aina hiyo ziliandaliwa na wenye meli wa Saint-Malo, na kuufanya uwe miongoni mwa bandari tano kubwa za biashara hiyo nchini Ufaransa, ingawa ulikuwa mbali nyuma ya Nantes. Nyingi zilikwenda Afrika ya Magharibi. Nyingine zilikuja huku.

Chukueni mtu ambaye sanamu yake inapigwa picha kuliko zote pale ukutani: Robert Surcouf, mzaliwa wa 1773. Amesimama juu ya nguzo ya mawe, mkono ameunyoosha kuelekea baharini. Wageni wanaambiwa alivyoiteka meli kubwa ya Waingereza iitwayo Kent mwaka 1800 katika Ghuba ya Bengali, akiwa na watu wachache kuliko waliokuwa juu ya meli hiyo. Ni ujasiri usiokanika. Ila Surcouf alianza safari zake za bahari hii akiwa kijana katika meli iitwayo Aurore, iliyochukua watumwa Msumbiji. Dhoruba ilipoitupa pwani ya Afrika mwaka 1790, mamia ya watu waliokuwa wamefungiwa chini ya sitaha walizama humohumo. Baadaye, akiwa nahodha wa meli ya Créole, aliendelea kusafirisha watumwa hata baada ya Bunge la Mapinduzi kuupiga marufuku utumwa mwezi Februari 1794. Nilisimama chini ya sanamu ile muda mrefu. Watalii walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Nilijiuliza kuhusu wale wa chini ya sitaha ya Aurore, ambao hakuna aliyeandika majina yao. Wangeweza kuwa wa kijiji chochote kati ya hapa na Ruvuma.

Nyumba nyingi za wenye meli ziliteketea vitani, nami nitafika huko, lakini moja iliyobaki imefunguliwa kwa wageni: Hôtel d'Asfeld, iliyojengwa 1725 kwa ajili ya François-Auguste Magon de la Lande, mkurugenzi wa Kampuni ya India. Unaingia uwani, juu kuna madirisha marefu, ngazi za mawe zimelika katikati kwa nyayo, na chini kuna maghala ya kuhifadhia bidhaa, baridi na giza, dari yake ya matao. Mwongozaji wetu alitueleza habari za pilipili, vitambaa vya India, vyombo vya Uchina. Nikamwuliza: na watu? Alinijibu bila kukwepa. Alisema ndiyo, fedha ya kununua meli ilichanganyika, ya samaki, ya vitani, ya kahawa na ya watumwa, na huwezi kulitoa jiwe moja ukasema hili ni safi. Nilimshukuru kwa jibu hilo, na ninamshukuru tena leo. Walimu, wafundisheni watoto kuuliza swali lile. Linaulizika kwa adabu, na penye watu waungwana linajibiwa.

Grand Bé, kile kisiwa cha kufikika kwa miguu, lipo kaburi la Chateaubriand, mwandishi aliyezaliwa mjini humo 1768 na kufa 1848. Alitaka azikwe pale, peke yake, akiielekea bahari. Ni bamba la jiwe na msalaba mfupi mnene, hakuna jina. Kibao kilicho karibu kinasema kwamba mwandishi mkubwa wa Ufaransa alitaka kupumzika hapa asisikie ila bahari na upepo, nawe mpita njia uheshimu wosia wake. Mahali pazuri sana. Baba yake alikuwa nahodha na mwenye meli, aliyebeba watumwa, na kwa fedha ya bahari akanunua kasri la Combourg mwaka 1761, ambamo mwana huyo alikulia. Niliuheshimu wosia wa mwana. La baba nalitaja kwa kuwa nalo ni historia ya mahali pale.

Ufaransa imechukua hatua. Sheria ya mwaka 2001 iliutambua utumwa na biashara ya watumwa kuwa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, na tangu 2006 tarehe 10 Mei ni siku ya kumbukumbu kitaifa. Mji wa Nantes ulifungua mwaka 2012 kumbukumbu kubwa ukingoni mwa mto, na ndani ya zege la gati lenyewe unatembea ukisoma maneno ya uhuru kwa lugha nyingi. Juu ya ukuta wa Saint-Malo, katika matembezi yangu, nilikutana zaidi na mashujaa. Ningependa siku moja nikutane pia na jina la Kilwa na la Msumbiji, limeandikwa kwa herufi za kusomeka, pale watu wanapopita.

Sasa niwaambie jambo ambalo wageni wengi hawalitambui mpaka waambiwe. Mji ule wa kale mnaouona kwenye picha, karibu wote ulijengwa upya baada ya Vita Kuu ya Pili. Agosti 1944 Wajerumani walikuwa wamejichimbia katika ngome ya Alet, jirani na mji, na kwenye kisiwa cha Cézembre. Wamarekani wakauzingira mji na kuupiga mizinga na mabomu, wakidhani askari wengi wamo ndani ya ukuta, kumbe humo walikuwa wachache. Moto uliwaka siku kadhaa. Takriban asilimia 80 ya majengo ya ndani yaliharibika, ingawa ukuta wenyewe ulisalimika kwa sehemu kubwa. Kamanda wa Kijerumani, von Aulock, alijisalimisha Alet tarehe 17 Agosti. Cézembre ilishikilia mpaka Septemba mwanzoni. Nendeni Alet mkafika. Vibanda vya chuma vya mizinga vingali vimechomoza ardhini, chuma kinene kuliko kiganja changu kilivyo kipana, nacho kimetobolewa na makombora. Matundu ni ya mviringo, kingo zake zimelainika kana kwamba chuma kiliyeyuka. Unaweza kuingiza mkono.

Baada ya vita palikuwa na wale waliotaka mji mpya wa kisasa. Uamuzi ukawa kuurudisha: graniti ileile, mapaa ya mwinuko mkali yaliyoezekwa kwa vigae vya mawe meusi, mabomba marefu ya moshi. Mbunifu Louis Arretche aliongoza kazi hiyo. Baadhi ya nyumba zilizobaki zimesimama nusu zilipangwa tena jiwe kwa jiwe. Nyingine ni za miaka ya 1950 kwa kila hali, zimevaa umbo la wazee wao, mitaa ikapanuliwa kidogo na vyumba vikapata mwanga. Mnara wa kanisa kuu haukukamilika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wapo wasemao mji wa namna hiyo ni wa bandia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Watu walirudi wakakuta kifusi, wakaamua wataishi tena katika mji wanaoujua, na wakangoja karibu miaka 30 kuumaliza. Ninawaheshimu mno kwa hilo.

Na sisi tunalo la kujifunza katika subira hiyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, bahari ikila kingo na mimea ikipasua kuta, na yakaondolewa humo 2014 baada ya kazi ndefu ya mafundi, ambao wengine wao wamo humu ukumbini. Sehemu ya fedha ya ukarabati ule ilitoka Ufaransa. Nafurahi ilikuja. Fedha hiyo ilikuja kwa ajili ya kuta. Habari ya mwaka 1776 bado inadai nafasi yake.

Nigusie umeme, kwa sababu vijana wameniuliza. Kwenye mlango wa mto Rance, kati ya Saint-Malo na Dinard, kuna boma lenye urefu wa mita 750 ambalo juu yake hupita barabara. Ndani yake zimo mashine 24, za megawati 10 kila moja, zinazozungushwa na maji yakijaa na yakipwa. Lilizinduliwa 1966, na ndilo la kwanza la ukubwa huo duniani. Jumla ni megawati 240, zaidi kidogo ya Kidatu yetu yenye 204, ingawa kwa kuwa maji husimama kidogo kila yanapogeuka, mashine hazizalishi kwa nguvu zote saa zote. Lilikuwa na gharama yake: wakati wa ujenzi mto ulizibwa miaka kadhaa na viumbe vingi vya maji ya chumvi vikafa, na hadi leo tope hujikusanya nyuma ya boma. Kwa bamvua letu la mita nne mradi kama huo haulipi. Msidanganywe na atakayekuja na michoro.

Safari yenyewe ni rahisi ukishafika Paris. Treni ya kasi inatoka stesheni ya Montparnasse na kufika kwa muda wa saa mbili na zaidi kidogo, na kutoka stesheni hadi lango la Saint-Vincent ni mwendo wa miguu wa robo saa hivi. Viza ni ya Schengen, anza mapema. Chukua koti la mvua hata Julai. Chakula cha kienyeji ni chapati nyembamba za unga wa sarrasin, yaani ngano nyeusi, rangi ya kijivu, zinazokunjwa na yai na jibini ndani. Mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo Mwislamu aseme mapema aandaliwe bila hiyo, na watamwandalia. Ukipata nusu siku, panda basi uende Cancale. Chaza hufugwa hapo kwenye meza za chuma zinazoonekana maji yakipwa, na wauzaji wamepanga vibanda vyao gatini. Wanakupasulia dazeni moja, wanakukatia limau, unakula umekaa ukingoni na makombe unayatupa ufuoni, juu ya rundo la makombe ya wote waliokula kabla yako.

Sasa ombi langu kwenu waongoza watalii. Wafaransa wanakuja Kilwa, wengine wanatoka Bretagne hasa, na wengine wanatoka Réunion na Morisi wakitafuta asili ya bibi zao. Mnapofika kwenye Gereza na kuwaeleza Wareno na Waomani, ongezeni mkataba wa 1776. Tajeni tarehe, bei, na jina la Sultani. Msiupunguze ukali wake kwa ajili ya mgeni, na msiufiche upande wetu kwa ajili ya fahari. Walimu, nimeacha nakala ya ramani ya njia za meli kutoka Saint-Malo hadi Mokha, Bourbon, Isle de France na pwani hii. Chukueni, mkaibandike madarasani.

Wapo hapa wazee wawili wa Kisiwani waliosikia kwa babu zao habari za Wafaransa. Mimi nimesoma na kutembea tu. Naomba maikrofoni iende kwao kwanza, kisha tuje kwenye maswali. Ahsanteni sana.